Tusifiche Kikohozi kwa Ajili ya Viza

Mwezi huu tungependa kuzungumza na familia ambazo baba au mama yuko nchi za nje, na mwenzake yuko huku nyumbani akingoja viza ya kumfuata. Katika milima yetu ya Usambara familia za namna hii zipo, Lushoto mjini, Soni, Mlalo na hata vijiji vya ndani, ingawa si rahisi kuzitambua. Watu hawapendi kusema. Mama anayengoja viza huogopa wivu, huogopa kuchekwa endapo atakataliwa, na huchoshwa na swali la kila Jumapili nje ya kanisa: "Mama, unaondoka lini?" Basi hunyamaza.

Kunyamaza juu ya safari si kosa. Lakini tumeona kwamba mtu akizoea kuficha safari, huishia kuficha na maradhi. Ugonjwa unaofichwa kwa ajili ya viza ni kifua kikuu, kwa sababu waombaji wanajua kwamba kifua chao kitapigwa picha. Maoni yetu ni haya: kikohozi kisifichwe kwa ajili ya viza. Anayekificha hujiumiza, huwaumiza walio naye nyumbani, na aghalabu huipoteza viza ile ile aliyotaka kuilinda.

HABARI ZA MAMA MMOJA

Mama mmoja wa huku kwetu ameturuhusu tusimulie habari zake bila kumtaja jina. Mumewe alikwenda Uingereza miaka mingi iliyopita, akapata ukaazi wa kudumu huko, na mwaka 2018 alirudi wakafunga ndoa. Mtoto wao alizaliwa mwaka 2019. Tangu hapo wameishi kwa simu na kwa likizo.

Mwaka 2023 mume alikuwa amefikisha kipato kilichotakiwa. Wakati ule sheria ya Uingereza ilidai anayemwita mkewe awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na pauni 3,800 zaidi kwa ajili ya mtoto wa kwanza. Wakaanza kukusanya hati: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, hati za kusafiria, cheti cha mtihani wa Kiingereza.

Julai ya mwaka huo huo mama akaanza kukohoa. Alisema ni baridi. Agosti akaanza kutoka jasho usiku na kupungua mwili, akasema ni mawazo. Alinunua dawa dukani mara tatu. Alifika kwenye zahanati mara mbili, akasema anakohoa tu, hakutaja jasho wala kukonda. Baadaye tulipomwuliza sababu alijibu: "Sista, niliogopa. Niliona nikiandikwa kwenye kitabu cha kifua kikuu, ubalozi wataniona, na baba mtoto atangoja bure."

Januari 2024 alikwenda Dar es Salaam kupimwa. Picha ilionyesha doa kwenye pafu, na makohozi yakathibitisha kifua kikuu. Mtoto wake, aliyelala naye kitanda kimoja miezi yote ile, naye alikutwa na ugonjwa. Walianza dawa Februari, wakamaliza Agosti, na leo wote wawili ni wazima.

Lakini wakiwa katikati ya dawa, tarehe 11 Aprili 2024, Uingereza ilipandisha kiwango cha kipato kwa maombi mapya ya wanandoa hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Mume hafikishi kiasi hicho. Anachopata mke kwa karoti na viazi vyake huku Lushoto hakiingii katika hesabu.

Sasa tuhesabu miezi. Kama mama huyu angetueleza yote mwishoni mwa Julai 2023 na kuanza dawa mara moja, angemaliza mwishoni mwa Januari 2024. Hata kama kliniki ya Dar es Salaam ingemtaka aoteshe makohozi, kazi inayoweza kuchukua wiki 8, cheti kingekuwa mkononi mwake kabla ya Machi kwisha. Maombi yangepelekwa kwa kiwango cha zamani. Kwa hiyo kifua kikuu chenyewe hakikumnyima safari. Iliyomnyima ni miezi sita ya kukificha.

KIPIMO KINATAKA NINI

Wengi wanaogopa kipimo hiki kwa sababu hawakijui. Tanzania ni mojawapo ya nchi ambazo mtu anayeomba kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 hutakiwa kuonyesha cheti kwamba hana kifua kikuu cha mapafu. Cheti hutolewa na kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza, na kwa mtu wa Lushoto maana yake ni safari ya Dar es Salaam. Barua ya hospitali ya wilaya haitoshi mahali pake.

Mtu mzima hupigwa picha ya kifua. Picha ikionyesha jambo la kutia shaka, hutoa makohozi asubuhi tatu mfululizo, nayo hupelekwa maabara. Watoto walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha. Daktari huwauliza na kuwaangalia. Mama mjamzito aseme mapema kwamba ana mimba. Anaweza kupigwa picha akiwa amefunikwa tumbo, au kupimwa makohozi badala yake, au kungoja mpaka ajifungue. Cheti hudumu miezi 6, hivyo asikimbilie kupima wakati hati nyingine bado hazijapatikana.

Na akikutwa na ugonjwa? Hapo ndipo uvumi unapodanganya watu. Hakatazwi milele. Hutakiwa atibiwe, amalize dawa, kisha apimwe upya. Aliyepona akapata cheti huendelea na maombi yake kama wengine.

Kwa sababu hiyo pia, aliyewahi kutibiwa kifua kikuu zamani asikane mbele ya daktari. Pafu lililopona huweza kubaki na kovu, na kovu huonekana kwenye picha. Ukisema ukweli na kuonyesha kadi yako ya matibabu, daktari ataelewa anachokiona. Ukikana, unazua shaka. Tunawasihi waliotibiwa watunze kadi zao pamoja na cheti cha ndoa.

Tena wajihadharini na wanaojidai wanaweza kuwatafutia "cheti safi" kwa fedha. Hati ya uongo ikigunduliwa, mlango hufungwa kwa miaka mingi, na hakuna dozi inayoponya jambo hilo.

BARIDI, MOSHI NA KIFUA KIKUU

Huku milimani tuna sababu nyingi za kukohoa. Miezi ya Juni na Julai baridi ni kali, madirisha hufungwa, moshi wa kuni hujaa jikoni, na watoto hulala pamoja ili wapate joto. Ndiyo maana mtu akikohoa majirani husema, "Ni baridi tu, itapita." Mara nyingi ni kweli. Lakini chumba hicho kilichofungwa, chenye watu wengi na hewa isiyopita, ndicho mahali kifua kikuu kinapoenea kwa urahisi zaidi.

Basi tushike kipimo kimoja kilicho rahisi: kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipelekwe kituo cha afya. Kama pamoja nacho kuna homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au damu katika makohozi, mgonjwa asingoje hata hizo wiki mbili. Asinunue dawa dukani kwa kukisia. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu huutuliza ugonjwa kwa muda bila kuuponya, na vipimo vikaja kusoma vibaya.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika nchi yetu. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa nne, na miezi 4 inayofuata dawa mbili. Wagonjwa wengi, wakinywa dawa vizuri, huacha kuambukiza baada ya wiki chache tu. Na watoto wadogo wanaoishi na mgonjwa waletwe wachunguzwe, kwa maana yupo mtoto atakayehitaji matibabu, na yupo atakayepewa dawa ya kumkinga. Mzazi anayeficha kikohozi chake humfungia mtoto wake mlango huo wote.

Hofu ya kitabu cha zahanati nayo tuiondoe. Kitabu kile kipo ili mgonjwa asipotee katikati ya dawa. Hakipelekwi ubalozini.

KOSA LETU

Si haki kumlaumu mama huyu peke yake. Sisi tulio kwenye zahanati tulimwona mara mbili tukampa dawa ya maji ya kikohozi. Hatukumwuliza amekohoa tangu lini. Hatukumpima uzito, na kama tungempima tungeona. Tulimwona mke wa mtu aliye Ulaya, amevaa vizuri, tukadhani kifua kikuu ni ugonjwa wa wengine. Tangu hapo kila anayekuja na kikohozi tunamwuliza wiki ngapi, awe nani.

Wanaoishi naye nyumbani nao walikuwa na sehemu yao. Mama mkwe alimwambia asiende hospitali asije akaharibu mambo ya mwanawe. Mume naye, kila simu, aliuliza hati zimefika wapi. Hakuuliza mkewe analala vipi. Hatusemi kwamba hakumpenda. Alikuwa na haraka, na mwenye haraka husikia kikohozi kwenye simu akadhani ni mtandao mbaya.

Wapo watakaosema kwamba wa kulaumiwa ni nchi zile zinazoweka masharti. Kuna ukweli ndani yake. Nchi ina haki ya kuzuia maradhi yasiingie, na kipimo cha kifua hata sisi kinatufaa. Lakini kiwango cha pauni 29,000 tunaona ni mzigo mzito kwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Vivyo hivyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya waliokwenda Uingereza kutunza wazee na walemavu hawakuruhusiwa kwenda na mke, mume wala watoto wao. Nchi iliyoomba mikono ya mama mmoja imlishe na kumwogesha mzee wake ingekumbuka kwamba mama huyo naye ana watoto. Hili tutaendelea kulisema. Hata hivyo sheria ya ng'ambo hatuwezi kuibadilisha kutoka Lushoto, bali kikohozi tunaweza kukitibu hapa hapa.

TUNALOOMBA

Kwanza, mnaongoja viza, nendeni mkapimwe kifua huku nyumbani mapema, hata kama hamkohoi sana, kabla ya kulipa ada yoyote. Mkikutwa wazima, mtakwenda Dar es Salaam bila wasiwasi. Mkikutwa na ugonjwa, dozi itaanza wakati hati nyingine bado zinatafutwa, na hamtakuwa mmepoteza muda.

Pili, mlio ng'ambo, mwambieni mwenzenu kwa maneno yenu wenyewe: "Pona kwanza, viza itafuata." Neno hilo likitoka kwenu lina nguvu kuliko mafundisho yetu yote. Na nauli ya kwenda hospitali itumwe kwa moyo ule ule inavyotumwa ada ya maombi.

Tatu, sisi wanajumuiya tuache lile swali la "unaondoka lini?" Tuulize, "Mama, unaendeleaje? Watoto wamelala vizuri?" Anayengoja peke yake miaka mitano ana uchovu, ana usiku mrefu, na anahitaji mtu wa kumsindikiza zahanati kuliko mtu wa kuhesabu miezi yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mama tuliyemsimulia hakufikia huko, tunashukuru. Hadi tunapoandika haya bado yuko hapa, analima, na mtoto wake anasoma. Mumewe anatafuta kazi yenye mshahara mkubwa zaidi. Juzi alipopita zahanati alituambia sasa kila mtu anayekohoa karibu naye sokoni anamwuliza, "Wiki ngapi?" Tunaomba wote tujifunze kuuliza hivyo.