Mahindi Hayaulizwi Yalikotoka

Miongoni mwetu wanafunzi wa lugha za Kiafrika, swali la kama mwandishi fulani ni Mwafrika hujibiwa mara nyingi kabla kitabu hakijafunguliwa. Tunatazama jina. Likiwa Mudimbe au Senghor, tunaendelea kusoma. Likiwa Patel au Singh, tunasema hiyo ni fasihi ya Wahindi, wenyewe wataisoma. Nataka kubisha. Mashairi ya watu wa asili ya Asia Kusini waliozaliwa na kulelewa Afrika Mashariki ni fasihi ya Kiafrika, na sisi wa Tshopo, ingawa tuko mbali na bahari, tuna sababu zetu wenyewe za kuyasoma.

Tuanze na historia. Wafanyabiashara kutoka Kachi na Gujarati walikuwepo Zanzibar na Mombasa muda mrefu kabla ya ukoloni wa Waingereza. Kisha, kati ya 1896 na 1901, zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka Uhindi kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria. Takriban 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliopona walirudi kwao, na elfu chache walibaki. Wengine walikuja baadaye kwa hiari yao, wakafungua maduka hadi vijiji vya ndani. Watoto wao na wajukuu wao ndio walioanza kuandika mashairi, na swali lililowasumbua lilikuwa moja: mtu akizaliwa hapa, akazika wazazi wake hapa, anabaki mgeni mpaka lini?

Jagjit Singh wa Uganda aliliuliza mapema. Shairi lake "Portrait of an Asian as an East African" limo katika mkusanyo wa Poems from East Africa, uliohaririwa na David Cook na David Rubadiri na kutolewa mwaka 1971. Tazama tarehe hiyo. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Zaidi ya 27,000 waliishia Uingereza, na wengine wakatawanyika Kanada, Uhindi na kwingineko. Mshairi hakuwa mtabiri. Alikuwa amesikiliza tu namna watu walivyokuwa wakizungumza mitaani na bungeni, na hiyo ni kazi ambayo sisi wa isimu tunapaswa kuielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Maneno hutangulia amri.

Shailja Patel, Mkenya aliyekulia Nairobi, alikuja kizazi kimoja baadaye na kitabu chake Migritude, kilichotolewa Marekani mwaka 2010. Msomaji yeyote wa Kongo atasikia ndani ya jina hilo mwangwi wa négritude ya Césaire na Senghor. Kitovu cha kitabu ni sanduku la sari ambazo mama yake alimwekea kwa ajili ya harusi. Binti hakuolewa kama ilivyopangwa. Alilifungua sanduku, na katika kila kitambaa akasoma biashara, ukoloni na safari. Jambo hili si geni kwetu. Mama zetu nao huweka maliputa sandukuni kwa ajili ya binti zao, na ukiyapanga kwa miaka utapata historia ya familia nzima.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la lugha. Mashairi haya yameandikwa kwa Kiingereza, basi yanahusu nini idara ya lugha za Kiafrika? Lakini Mudimbe aliandika kwa Kifaransa, na hakuna anayemtoa katika fasihi ya Kongo. Tena, Kiingereza cha Patel kina lugha nyingine chini yake. Ana shairi zima kuhusu kuota kwa Kigujarati, yaani kuhusu lugha ambayo shule ilimfanya aionee haya na usingizi ukamrudishia. Mtoto wa Tshopo aliyeanza shule kwa Kifaransa huku nyumbani wakisema lugha ya kijiji haambiwi jambo jipya hapo. Anakutana na jambo lake mwenyewe likisemwa na mtu asiyemtarajia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wengine husema Wahindi hawakuwa wahanga tu. Waliwekwa katikati, kati ya Mzungu juu na Mwafrika chini, na wengi walinufaika na nafasi hiyo. Ni kweli, na hapa Kisangani tuna ushahidi wake. Tippu Tip, aliyekubali kuwa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa niaba ya dola ya Leopold, hakuendesha misafara yake kwa fedha zake peke yake. Mfadhili wake mkubwa alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Mkopo uliotoka katika daftari la Mhindi pwani ulifika huku ukiwa bunduki na shanga, ukarudi ukiwa pembe na watu waliofungwa. Hatupaswi kulisahau hilo ili tu tusome mashairi kwa moyo mweupe.

Hata hivyo, tukikata shauri kwamba chochote kilicholetwa na misafara ile si chetu, itabidi tuanze na Kiswahili chenyewe. Kiswahili hakikuota kando ya mto huu. Kilishuka Lualaba pamoja na waungwana na wapagazi wa Tippu Tip katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Leo katiba ya 2006 inakitaja kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na katika kitivo chetu kinafundishwa kama lugha ya Kiafrika bila mtu kuguna. Tumekubali, basi, kwamba mgeni anaweza kuwa mwenyeji, na kwamba hahitaji kuwa na mwanzo usio na doa. Kama lugha inaruhusiwa, kwa nini mtu asiruhusiwe?

Na ndani ya lugha hiyo Wahindi wamo tayari. Gari, bima, laki, bepari, chapati, gunia: yote yana asili ya lugha za Uhindi. Pesa pia, ingawa Mngala akilisikia neno hilo anadhani anaambiwa "toa", na pengine hajakosea sana. Tazama pia mahindi. Wanaisimu wengi wanalihusisha jina hilo na Uhindi, ilhali mmea wenyewe ulitoka Amerika. Jina la nchi moja, mbegu ya bara jingine, na uji wa kwetu. Mahindi hayaulizwi yalikotoka. Yanaulizwa kama yameiva.

Binadamu ndio huulizwa, na katika nchi yetu swali hilo limeua watu. Mwaka 1972, mwaka uleule ambao Amin aliwafukuza Waasia, sheria ya Zaire iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta, ikimtaka mtu aonyeshe kwamba ukoo wake ulitokana na moja ya makabila yaliyokuwa katika ardhi hii tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya 2004 ilisogeza kipimo hadi wakati wa uhuru. Kwa hiyo mtu mmoja, bila kuhama nyumba, aliweza kuwa raia, kisha mgeni, kisha raia tena. Nani kati ya washairi wetu ameandika hali hiyo kwa uwazi aliouandika Singh mwaka ule wa 1971? Tunamhitaji mwandishi huyo, na atajifunza mengi kwa waliomtangulia Kampala na Nairobi.

Wala si lazima kwenda Kivu. Sisi tunaotoka Yahuma tukifika Kisangani tunapata jina mara moja: mowuta. Neno hilo la Lingala linatokana na kitenzi kouta, kutoka mahali. Maana yake ya msingi ni "aliyetoka", kana kwamba kuna mtu katika jiji hili ambaye babu yake hakutoka popote. Ni utani, ndiyo, lakini sarufi ya utani huo ndiyo sarufi ya sheria ya 1981.

Nisiseme kwamba mashairi haya hayana kasoro. Mengi yamesimulia kuondoka vizuri kuliko yalivyosimulia kukaa. Mwafrika mweusi hujitokeza mara nyingi akiwa mtumishi jikoni au askari mpakani, na mara chache akiwa jirani mwenye jina. Na msikilizaji anayedhaniwa huwa London au California. Hapo ndipo ningependa tumkumbuke Farouk Topan, Mzanzibari wa asili ya Kihindi, ambaye hakuomba kupokelewa na fasihi ya Kiswahili bali aliingia akafanya kazi. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akahariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, akaandika tamthilia za Mfalme Juha na Aliyeonja Pepo. Sijasikia mwalimu wa Kiswahili akiuliza kama tamthilia hizo ni za Kiafrika. Lugha ilishajibu.

Kenya imejaribu njia nyingine: Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Naelewa furaha yao, lakini jambo hili linanisumbua. Ina maana kwamba mlango wa uraia bado ni kabila, na asiye na kabila lazima atengenezewe moja. Ushairi bora wa watu hawa unakataa mlango huo. Unasema mtu aweza kuwa wa mahali kwa sababu amepapenda, amepafanyia kazi, amepakosea na amebaki.

Pendekezo langu ni dogo. Katika somo la fasihi ya Kiafrika, Singh na Patel wasomwe kando ya washairi wa négritude, na Topan kando ya watunzi wa tamthilia wa Kiswahili. Naipaul naye asomwe: riwaya yake A Bend in the River ya 1979 imewekwa katika mji usiotajwa jina ambao kila mtu hapa anautambua, na msimulizi wake, Salim, ni mwenye duka wa asili ya Kihindi kutoka pwani ambaye duka lake linachukuliwa, kama yalivyochukuliwa maduka ya wageni baada ya amri ya Mobutu ya Novemba 1973. Tusome na kubishana naye, maana mji wake una mto na maduka lakini hauna washairi. Na mwanafunzi mmoja achukue kinasa sauti aende madukani, akasikilize Kiswahili na Lingala wanavyosema watoto wa wenye maduka waliozaliwa hapa. Hiyo ni isimu halali kabisa. Huenda katika mazungumzo hayo akakuta beti za kwanza za mshairi wa Kisangani ambaye jina lake tungelisogeza rafu ya pili bila kumsoma.