Kisahihishaji cha Simu na Vina vya Pwani

Wapo wanaodai kuwa kisahihishaji cha simu ni mtumishi tu wa tahajia. Dai hili halina mashiko. Mshairi wa Malindi atungaye kwa lahaja za kaskazini huandika "mato" akikusudia kina cha -to. Chombo kikigeuza kuwa "macho", kina huvunjika. "Mudzi" wa Mgiriama wa Kilifi nao huhesabiwa kosa. Kiunguja kilipoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, watetezi wa Kimvita walikuwa na wa kubishana nao. Kisahihishaji hakijadiliwi, hutenda kimyakimya. Mhakiki wa matini ya simu, basi, hana budi kuuliza kwanza: neno hili ni la mtunzi au la chombo?