Beki si zabibu: Kanda ya Kati inauza nini katika soko la wachezaji?

Katika biashara ya mazao ya Kanda ya Kati, mkulima wa zabibu na mkulima wa mtama hawana haraka sawa. Zabibu ikishaiva haimsubiri mtu. Isipopata kiwanda au mlaji katika siku chache, inaozea mikononi mwa mwenyewe. Mtama hukaushwa, huwekwa ghalani, na mwenye subira huutoa bei ikipanda. Tatizo la klabu za soka za Dodoma na mikoa jirani ni kwamba zinamwuza kila mchezaji kama zabibu, hata yule ambaye kwa asili ya kazi yake ni mtama. Mchezaji huyo ni beki.

Mshambuliaji akifunga mabao kumi na tano katika msimu mmoja, bei yake hupanda papo hapo, na wanunuzi hupiga hodi kabla ligi haijaisha. Beki hana hesabu ya namna hiyo. Kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisilotokea haliandikwi kwenye vitabu. Ndiyo maana bei yake huchelewa kupanda. Lakini ikishapanda hukaa juu muda mrefu, kwa kuwa beki hutegemea zaidi akili na mpangilio kuliko mbio za ujana. Kwa lugha ya soko, mshambuliaji ni mali ya kuuza haraka, beki ni mali ya kuweka.

HESABU YA KAPOMBE

Mfano ulio karibu ni wa Shomari Kapombe, beki wa kulia mzaliwa wa Morogoro. Alitoka Polisi Morogoro akajiunga na Simba mwaka 2011. Mwaka 2013 akaenda Ufaransa, AS Cannes. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi nchini, Azam, na mwaka 2017 akarejea Simba. Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21 Simba ilitwaa ubingwa wa Bara mara nne mfululizo, na mwaka 2025 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco. Tarehe 6 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 33, Kapombe ndiye aliyefunga bao pekee la Taifa Stars dhidi ya Mauritania katika fainali za CHAN jijini Dar es Salaam, dakika za mwisho.

Mwenye jicho la biashara ataona mambo mawili hapo. La kwanza ni muda. Kutoka usajili wa 2011 hadi bao la 2025 ni miaka 14. Hakuna washambuliaji wengi wa Tanzania waliodumu katika kiwango cha juu kwa muda huo. La pili ni kwamba kipindi cha ng'ambo ndicho kilichokuwa kifupi kuliko vyote, na faida kubwa ya mchezaji huyo imepatikana nyumbani.

Kilichotokea Cannes kinahitaji kuangaliwa. Kwa jina, klabu ile ni kubwa: Zinedine Zidane na Patrick Vieira walianzia hapo. Lakini wakati Kapombe anakwenda, ilikuwa inacheza daraja la nne la Ufaransa, na mwaka 2014 ilishushwa hadi ligi ya mkoa kwa sababu ya matatizo ya fedha. Mfanyabiashara wa Kibaigwa hampi mteja magunia mia mbili ya mahindi kwa mkopo kwa kuwa tu babu yake alikuwa tajiri. Humwuliza kwanza habari za deni la mwaka jana. Katika soka swali hilo haliulizwi. Neno "Ulaya" hutosha kufunga mjadala.

NJE SI FAIDA YENYEWE

Kapombe si peke yake. Nadir Haroub, aliyejulikana zaidi kwa jina la Cannavaro, alikwenda kwa mkopo Vancouver Whitecaps ya Kanada mwaka 2009, akarudi Yanga na kuwa nahodha kwa miaka mingi. Abdi Banda alitoka Simba mwaka 2017 kwenda Baroka ya Afrika Kusini, kisha Highlands Park. Mwaka 2020 Highlands Park ikauza nafasi yake ya Ligi Kuu kwa TS Galaxy. Mchezaji anaweza kulala akiwa na mwajiri wa Ligi Kuu akaamka mwajiri hayupo. Hatari ya namna hiyo haionekani kwenye picha ya mchezaji akishika jezi mpya.

Hii haina maana kwamba safari za nje ni hasara. Joseph Okumu wa Kenya, naye beki, alitoka Chemelil Sugar akapita Free State Stars ya Afrika Kusini, Real Monarchs ya Marekani, Elfsborg ya Sweden mwaka 2019, Gent ya Ubelgiji mwaka 2021, hadi Reims ya Ufaransa mwaka 2023. Ibrahim Sekagya wa Uganda alipitia Argentina kabla ya kutua Red Bull Salzburg ya Austria mwaka 2007. Hapa nyumbani, Novatus Dismas, kiungo anayepangwa pia beki wa kushoto, alitoka Azam akaenda Israel mwaka 2020, kisha Ubelgiji, na mwaka 2023 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Shakhtar Donetsk kwa mkopo.

Waliofanikiwa wanafanana kwa jambo moja: walipanda ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi walicheza. Beki asiyecheza hushuka bei kuliko mchezaji mwingine yeyote, kwa kuwa sifa yake ni kuzoeana na wenzake wa nyuma. Mwaka mmoja wa benchi humfuta kwenye daftari la wanunuzi. Kwa hiyo klabu ya daraja la kati inayompa dakika 90 kila wiki ina thamani zaidi kuliko klabu yenye jina inayompa koti la kuotea jua.

STAKABADHI YA MCHEZAJI

Sasa turudi Kanda ya Kati, ambako ndiko kwenye hoja yenyewe. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zote zilizomlea tangu akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya ada. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Beki aliyelelewa Dodoma tangu umri wa miaka 12 hadi 18 anauzwa na klabu ya Dar es Salaam kwenda nje kwa dola 200,000. Misimu minne ya kwanza ni asilimia 1. Misimu mitatu inayofuata, miaka 16, 17 na 18, ni asilimia moja na nusu. Jumla ni asilimia mbili na nusu, yaani dola 5,000. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni shilingi milioni 12 na nusu. Akiuzwa tena kwa dola milioni moja, klabu hiyo hiyo hupata dola 25,000 nyingine, bila kutoa jasho jipya. Ni kama gawio la hisa: uliwekeza mara moja, unalipwa kila mali inapobadili mikono.

Lakini gawio hulipwa kwa mwenye cheti. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA, ambayo husoma pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya kila klabu aliyosajiliwa na kila tarehe. Kijana aliyecheza misimu minne kwenye kiwanja cha vumbi cha Kongwa au Mpwapwa bila kusajiliwa rasmi na chama cha soka, kwa macho ya kumbukumbu hiyo hakuwahi kucheza. Wakulima wa korosho na ufuta wanaijua habari hii vizuri: bila stakabadhi ya ghala, mzigo ni wako kwa maneno tu. Klabu inayomtoa kijana kwa nauli ya basi na jozi ya viatu, bila karatasi, inauza kwa lumbesa na kujipongeza.

Kwa Singida kuna funzo la ziada. Singida Big Stars iligeuka Singida Fountain Gate mwaka 2023. Mwaka 2024 timu ya Ihefu ikahamia mkoani humo na kuitwa Singida Black Stars. Biashara ya kubadili majina na makao ina sababu zake, lakini jina linapohama, daftari la vijana lazima lihame nalo. Vinginevyo miaka ya malezi inabaki haina mwenyewe.

DODOMA INA MALI

Asije mtu akasema uwanda wa kati hauna vipaji. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa soka la shule Afrika mjini Durban, na zawadi ya mshindi ilikuwa dola 300,000. Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, na baada ya misimu mitano ilikuwa bado imo. Klabu hiyo ni ya Halmashauri ya Jiji. Maana yake ni kwamba mlipa ushuru wa Majengo, Sabasaba na Soko la Job Ndugai ana haki ya kuuliza swali la mwenye mali: je, timu ya vijana ina daftari? Na kila beki anayeondoka, anaondoka na kifungu gani kwenye mkataba?

Wapo watakaojibu kwamba klabu ndogo haina ubavu wa kusubiri. Basi linadai mafuta, hoteli inadai hesabu ya mechi ya ugenini, wachezaji wanadai mishahara. Jibu hilo lina ukweli. Njaa haina subira, na mkulima mwenye ada ya shule huuza mahindi yakiwa shambani. Hata hivyo kuuza leo hakumzuii muuzaji kubakiza sehemu ya kesho. Kifungu cha asilimia 15 au 20 ya mauzo yatakayofuata hakiongezi gharama hata shilingi moja siku ya kusaini. Mnunuzi akikikataa, hapo ndipo muuzaji atajua kwamba bei aliyopewa ilikuwa ndogo mno.

Jambo jingine ni mikataba inayoachwa kuisha. Tangu hukumu ya Bosman ya mwaka 1995 dunia nzima inafahamu kwamba mkataba ukiisha mchezaji ni huru. Beki wa miaka 22 aliyebakiza miezi sita ni mali inayoyeyuka. Klabu inapaswa kumwongezea mkataba au kumwuza. Kungoja ni kutoa sadaka.

TAHADHARI KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Kumezuka watu wanaowafuata wenye maduka na kuwaahidi "asilimia" ya kijana fulani anayekaribia kwenda nje. Msomaji aelewe kwamba tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji. Karatasi ya namna hiyo haina nguvu, hata ikigongwa mhuri wa wakili. Vile vile, kumhamisha kwenda nchi nyingine mchezaji wa chini ya miaka 18 kumekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizoorodheshwa. Na wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, ambayo tangu 2023 hupatikana kwa mtihani. Anayedai fedha za pasipoti na tiketi ya kijana wa miaka 16, bila leseni, anauza hewa.

Mwenye mtaji mdogo anayependa soka ana njia halali: kuingia katika klabu au kituo cha vijana kilichosajiliwa, kugharamia kocha wa watoto, na kuhakikisha kila kijana anaingizwa kwenye kumbukumbu kila msimu. Fedha yake itarudi kupitia klabu, polepole. Asiyeweza kungoja miaka minane asiingie.

MFUKO WA BEKI MWENYEWE

Mwisho kuna mchezaji. Hata beki anayedumu hufikia ukingoni akiwa na miaka 35, na baada ya hapo ana miaka mingine 30 ya kula. Anayelipwa shilingi milioni 3 kwa mwezi na kuweka theluthi yake kwa miaka kumi, hupata akiba ya milioni 120 kabla ya riba. Hatifungani za Serikali huanzia shilingi milioni moja na hulipa riba mara mbili kwa mwaka, zipo hata za miaka 20 na 25. Beki anayenunua kidogo kidogo akiwa na miaka 22 atakuwa analipwa hata baada ya kutundika viatu. Gari halitamfanyia hivyo, wala kiwanja kisicho na hati pembezoni mwa Dodoma, ambako tangu Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016 kila dalali amekuwa mpimaji.

Dirisha la usajili hufunguliwa mara mbili kila msimu, na kila mara vijana wa uwanda wa kati huteremka Dar es Salaam na begi moja. Kabla dirisha lijalo halijafunguliwa, viongozi wa klabu za kanda hii wana kazi ya mezani isiyohitaji mfadhili: kuandika majina, tarehe za kuzaliwa na misimu ya kila kijana, na kuyafikisha TFF. Daftari la shilingi elfu mbili linaweza kulipa kuliko mapato ya mlangoni ya msimu mzima. Wasipolifanya hilo, beki wao atafika mbali, na wao watamsikia redioni.