Picha Haikemei Mtu

Kuanzia mwaka 2021 nyumba za kale za Buxton zilibomolewa, na pahala pake pakainuka magorofa. Ukuta mpya haukawii kutamaniwa. Wako vijana waniulizao mbona hatuchori juu yake sura za wazee wetu, na jina wanalolitanguliza ni la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Swali ni jema, nalo lastahili jibu.

Sheikh alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891. Alisoma kwa jamaa zake, kisha akavuka Unguja kukaa mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Mwaka 1930 alianza kutoa As-Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho alikuwa nacho hata alipofariki mwaka 1947.

Aliandika zama za Mwingereza, shule za misheni zikivuta watoto. Jina la Buxton lenyewe latukumbusha zama hizo, kwani hapo palikuwa na shule ya wamisionari. Lakini kalamu ya Sheikh haikumlaumu mgeni peke yake. Iliwageukia wenyeji: uzito wetu katika kutafuta elimu, israfu zetu, na kumwiga Mzungu mavazi huku tukimwachia ujuzi wake. Alitaka wasichana nao wasomeshwe. Alifuatilia mijadala ya Misri katika jarida la Al-Manar, ila sisi alituandikia kwa Kiswahili cha barazani. Hakukaa bungeni, lakini hiyo ilikuwa siasa, tena siasa nzito.

Kuhusu kuchora sura ya mtu, wanavyuoni wamehitilafiana, nami si mufti. Hoja yangu ni nyingine. Marekani walikuwa na mhariri wao, Horace Greeley, aliyeanzisha New-York Tribune mwaka 1841 na kugombea urais mwaka 1872 asishinde. Sura yake ilichorwa na imehifadhiwa. Lakini wenziwe hawakuishia hapo. Gazeti lake nalo limewekwa maktabani, na atakaye leo aweza kulifungua akasoma alichosema siku fulani ya mwaka fulani. Picha yake ina maneno nyuma yake.

Sisi je? Baadhi ya makala za As-Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944. Mwaka 2017 kikachapishwa tena Leiden, Uholanzi, kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja. Waliofanya kazi hiyo twawashukuru. Lakini bei yake si ya mwalimu wa chuo wala ya mvuvi. Yawaje maneno yaliyoandikiwa watu wa Kibokoni na Kuze yawe mepesi kupatikana Ulaya kuliko Kibokoni na Kuze? Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Nihofialo ni hili. Picha haikemei mtu. Mwanasiasa aweza kusimama mbele ya ukuta huo akapigwa picha, kisha akaenda kufanya harusi ya israfu ile ile aliyoikataza mwenye sura. Sheikh alikuwa mkemeaji. Tukimtundika ukutani bila ya maneno yake, tutakuwa tumemheshimu kwa kumnyamazisha.

Kwa hivyo nawaomba ndugu zangu mambo matatu. Mwenye karatasi kuukuu za As-Sahifa au Al-Islah katika kasha la marehemu wake, azitoe zinakiliwe kabla ya mchwa. Wenye uwezo miongoni mwetu, waliokwisha kuchangia misikiti na visima, wachangie Uwongozi wa bei ndogo, kwa Kiswahili. Na walimu wa madrasa wawasomeshe watoto japo makala moja kwa mwezi, waijadili, hata waipinge wakiwa na hoja.

Katika Qur'ani iko sura iitwayo Kalamu. Mhariri sura yake ni kalamu yake. Hayo yakishatimia, anayetaka kuchora na achore, kwani mpita njia wa Buxton akiuliza huyu ni nani, tutakuwa na cha kumpa asome.