UVUMILIVU HUU UNAWAUMIZA WATOTO



Kuna ushauri mmoja tunaoutoa makanisani ambao leo naupinga waziwazi: "Mama, vumilia. Kaa kwa ajili ya watoto."

Watoto gani? Wale wanaojifanya wamelala huku wakisikia kila kofi? Wale ambao mama huwachapa wanyamaze kabla baba hajaingia, kwa sababu kelele zao zitamletea yeye kipigo? Mama huyo si mkatili. Anaogopa. Kesho akiwahurumia, anawaacha wafanye watakalo. Leo fimbo, kesho kimya. Mtoto hajui tena kosa ni lipi. Anajua tu mzazi ameamkaje.

Nawe baba, usijifiche nyuma ya Mithali 13:24. Mstari huo unahusu kumrekebisha mtoto kwa upendo, haukukupa ruhusa ya kumpiga mkeo. Mtoto aliyekuona ukimpiga mamake, utamwambiaje asipige wenzake shuleni?

Soma 2 Samweli 11 hadi 13. Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria afe vitani. Baadaye Amnoni akamnajisi Tamari, dada yake. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi popote kwamba alimrudi. Angeanzia wapi? Absalomu akaificha chuki miaka 2, kisha akamuua Amnoni. Mkono uliomwaga damu ulikosa nguvu ya kulea.

Mchungaji mwenzangu, acha kumrudisha mama mwenye majeraha kwa maombi peke yake. Sauli alipomrushia Daudi mkuki, Daudi hakukaa kuvumilia. Alikimbia usiku uleule (1 Samweli 19:10). Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa kinyumbani inamruhusu anayepigwa kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Kutumia sheria hiyo si kukosa imani.

Mpendwa, kama ni wewe unayepigwa, piga simu 1195. Kama ni mtoto anayeumizwa, piga 116. Kama ni wewe unayepiga, tubu leo, mbele za Mungu na mbele ya watoto wako, kisha utafute msaada.

Bwana, vunja minyororo ya kipigo katika nyumba zetu. Watoto wetu wasirithi ngumi. Katika jina la Yesu.

Amina.