Walizimwaga Baharini, 2022 Moja Ikauzwa Dola Milioni 12.6!

Wasee, Agosti 2022 kadi moja ya besiboli ilienda dola milioni 12.6 kwenye mnada huko Marekani. Ni ya Mickey Mantle, namba 311, seti ya Topps ya 1952. Jamaa aliyeiuza aliinunua 1991 kwa dola 50,000.

Utasikia ati ni juu ni ya zamani. Zii. Mantle ana kadi ya Bowman ya 1951, na haijafika hiyo bei. Siri ni uhaba, na hii ilikuwa safi karibu kama mpya. Seti ina kadi 407, lakini 311 hadi 407 zilifika dukani msimu ukiisha, watoto wameshahamia futiboli ya Kimarekani. Zikadoda. Sy Berger wa Topps alisimulia mwenyewe vile 1960 walipakia masanduku kwa boti na kuyamwaga Atlantiki.

Hapo ndipo wakusanyaji hukwama. Nyingi za mwanzo unaokota mosmos, hata zenye pembe zimechakaa. Hizo 97 za mwisho ndizo humaliza mfuko.

Kwa hivyo mtu akikuuzia kitu ati ni cha kitambo kitapanda bei, muulize kwanza: zimebaki ngapi, na ziko hali gani?