Usikimbilie gurudumu jipya, fungua habu kwanza

Ukipita Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi utatuona. Tuko wengi: wa mkate, wa maziwa, wa mayai, wa vifurushi. Baiskeli zetu nyingi zimetuzidi umri. Ukitega sikio utasikia kitu kinasaga, krrr, krrr, krrr, kila gurudumu likizunguka. Mara nyingi hiyo si cheni. Ni gololi zinakufa ndani ya habu, na mwenye baiskeli ameongeza sauti ya muziki kwa simu ili asisikie.

Najua kwa sababu nilikuwa huyo msee.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Sitafuti pole, nakuelezea tu nilivyofika hapa. Nilichopata baada ya hapo ni Black Mamba ya babu, iliyokuja Nairobi kutoka Busia imefungwa juu ya basi. Babu alibeba watu nayo mpakani, enzi ambazo boda boda ilikuwa baiskeli na si pikipiki. Jina lenyewe lilizaliwa pale mpakani. Mimi nikaanza kubeba mayai nayo.

Gurudumu la mbele lililia wiki tatu. Nikalimwagia oili chafu ya gari niliyoomba kwa gereji, likanyamaza siku mbili. Wiki ya nne, nikiwa na trei nne nyuma, gololi moja ilipasuka. Vipande vikakwama ndani, gurudumu likayumba, mpira ukaanza kusugua foku, na mimi nikaenda chini. Mayai 120. Yaliyobaki mazima yalikuwa 31. Nilimlipa mwenye duka kwa siku tisa, na siku hizo tisa nyumbani tulikula sukuma bila kuuliza maswali.

Duka la kwanza la spea nililoingia waliniambia ninunue gurudumu zima, 1,800. Sikuwa nazo. Nikasukuma baiskeli hadi kwa mzee mmoja anayetengenezea chini ya mti karibu na steji yetu. Hakuuliza pesa. Aliuliza, "Kijana, umeifungua?"

"Hapana, mzee."

"Sasa umejuaje imekufa?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike haya. Vijana wengi tunatupa vitu ambavyo hatujawahi kufungua. Tunaogopa kuchafuka, tunaogopa kuharibu zaidi, au tunaona aibu kukaa chini na spana wakati marafiki wanapita. Halafu tunakopa kwa simu tununue kipya ambacho nacho hatutakitunza.

Hebu nikuonyeshe kilichomo ndani, uone kama kinatisha.

Katikati ya gurudumu kuna habu. Ndani ya habu kuna ekseli, na kila upande kuna kikombe cha chuma. Ndani ya kikombe ndimo gololi zinakaa, na juu yake inakuja koni, ile nati yenye uso laini wa mviringo inayozisukuma zikae mahali pake. Nje ya koni kuna washa na nati ya kufungia. Basi. Hakuna kompyuta hapo. Mfumo wa gololi kwenye baiskeli ulikuwepo tayari mwaka wa 1869, wakati James Moore aliposhinda mbio za kutoka Paris hadi Rouen. Kitu kilichofanya kazi miaka zaidi ya 150 hakikushindi akili wewe.

Anza na gurudumu la mbele, ndilo rahisi. La nyuma lina friwili, na hiyo inahitaji kifaa chake cha kuitoa, kwa hivyo wacha fundi akuonyeshe mara ya kwanza. Tandika kitambaa cheupe chini, kwa sababu gololi zikianguka kwenye mchanga utazitafuta hadi jioni. Shika koni kwa spana nyembamba, fungua nati ya nje kwa spana nyingine, toa washa na koni, kisha vuta ekseli polepole. Hesabu gololi. Baiskeli nyingi huwa na 10 kila upande wa gurudumu la mbele, za inchi 3/16, na 9 kila upande wa nyuma, za inchi 1/4. Lakini amini ulichohesabu mwenyewe, na ubebe gololi moja ukienda dukani.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, ukaushe. Sasa angalia. Gololi nzima inang'aa kama kioo. Iliyochakaa ina ukungu na vidoa. Koni nzima ina mstari laini mahali gololi zinapopita. Iliyoliwa ina vishimo, hata kucha inakwama ukiipitisha. Koni ikiwa na vishimo, badilisha. Gololi badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani, kwa sababu mpya zitakuwa kubwa kidogo na zitabeba mzigo wote peke yake.

Weka grisi ya kutosha kwenye vikombe, panga gololi ndani yake, grisi itazishika. Rudisha ekseli, zungusha koni kwa vidole hadi iguse gololi, kisha irudishe nyuma kidogo sana. Hapa ndipo wengi tunakosea. Mimi mara ya kwanza nilikaza kwa nguvu zangu zote nikidhani kukaza ndiko kutengeneza. Mzee akacheka. Ukikaza sana, gololi zinasagika. Ukilegeza sana, gurudumu linacheza na vikombe vinaliwa. Shika koni isigeuke huku ukikaza nati ya nje, kisha jaribu. Tikisa gurudumu kushoto na kulia, lisicheze. Linyanyue na uliachie: linafaa kuyumba lenyewe mbele na nyuma hadi sehemu nzito itulie chini, bila kusukumwa.

Mimi niligharimika 230: koni mbili, gololi 20, na grisi kidogo ya kupimiwa kwenye karatasi. Mzee alitaka 100 ya kunifundisha. Jumla 330 dhidi ya 1,800.

Sisemi kila habu itapona. Vikombe vyenyewe vikiwa vimeliwa au vimepasuka, koni mpya haitakusaidia, itakufa baada ya muda mfupi. Hapo kweli badilisha habu, au gurudumu kama huna wa kukusukia spoku upya. Lakini huo uamuzi unafanywa baada ya kufungua, si kabla.

Najua utaniambia huna muda. Kazi yote ilinichukua chini ya saa mbili nikiwa sijui chochote, na sasa dakika arobaini zinanitosha. Linganisha na siku tisa za kulipa mayai. Utaniambia pia spana nyembamba hupati kila mahali. Kweli. Ndiyo maana katika steji yetu tulichanga watu watano tukanunua seti moja, inakaa kwa yule mama wa chai, na ukiichukua unaacha kitambulisho. Hata steji yako inaweza.

Na sasa neno kwa wale wenye baiskeli za kukodisha. Unachukua shilingi 100 kwa kijana kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Akikuambia habu inalia, unamjibu, "Wewe ndiye unaiendesha." Hapana. Puncha ni yake, hiyo sawa. Lakini gololi, koni na grisi ni mali yako inayochakaa ikikuletea pesa. Siku moja ya kodi kila baada ya miezi kadhaa inatosha kuitunza. Ukikataa, kijana ataanguka mbele ya matatu, na hutakuwepo pale. Na wewe unayekodi, kubaliana na mwenye mali kuhusu hili kabla ya kupanda, si siku ambayo gurudumu limejifunga.

Neno lingine ni kuhusu mafundi. Mzee yule huitishwa punguzo na watu wanaonunua soda bila kuuliza bei. Anaitisha 100, wanampa 50 na kumwambia ni kazi ya dakika tu. Ni kazi ya dakika kwa sababu ameifanya tangu sijazaliwa. Chuoni nililipa maelfu kwa muhula, na sikumbuki mwalimu hata mmoja niliyemwomba punguzo. Mlipe fundi anachoitisha, kisha muombe akuruhusu ukae hapo uangalie. Wengi watakuruhusu.

Mamangu bado anawaambia majirani kwamba "nimepumzika kidogo" na masomo. Simlaumu. Lakini Jumamosi iliyopita kijana wa jirani alileta baiskeli yake mlangoni, habu ya nyuma inalia, na mama ndiye aliyetoka kuniita: "Kuja, kuna kazi yako hapa." Kazi. Sijamsikia akiiita hivyo tena, lakini mara moja imenitosha.

Kwa hivyo jioni hii, ukifika nyumbani, usiegeshe tu na kuingia. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, na uweke sikio karibu na foku. Likizunguka kimya, lala salama. Likisaga, usilimwagie oili chafu wala kulipeleka kwa mashine ya kuoshea magari, maji ya presha yataingia hadi ndani yafukuze grisi iliyobaki. Tafuta mzee wako wa chini ya mti, beba kitambaa cheupe, na ufungue. Mayai ya watu yanakutegemea.